Hadithi ya Upelelezi: Penseli Kwanza, Kamusi Baadaye

Wanafunzi ninaowafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Mwanjelwa, Mbeya, wana ugonjwa mmoja: kila neno gumu lazima litafutwe kwenye kamusi. Ukurasa mmoja unakula saa nzima, na ukiuliza nani kafanya nini, kimya.

Kwenye hadithi za upelelezi, bagua maneno. Yanayosifia mandhari au sura ya mtu yapite tu, utayakisia. Majina ya vitu vilivyomo chumbani usiache hata moja. Chukua "The Adventure of the Speckled Band", hadithi ya mpelelezi Sherlock Holmes iliyotoka 1892. Julia Stoner alijifungia chumbani usiku, mlango na madirisha vyote vimekazwa, na bado akafa. Huwa nawaambia wachore vyumba viwili vilivyopakana: cha Julia na cha Dk. Roylott, baba yake wa kambo. Kamba ya kengele inaning'inia hadi kwenye mto, lakini ukiivuta hakuna kengele inayolia. Tundu la hewa halitokei nje, linaingia chumba cha pili. Kitanda kimefungwa sakafuni, hakisogei. Kwa daktari kuna sefu, na juu yake kisahani cha maziwa, wakati nyumba haina paka! Mchoro ukifika hapo, minong'ono inaanza yenyewe.

Sababu ya mauaji iko kwenye hesabu. Marehemu mke wa Roylott aliacha pato la karibu paundi 1,100 kwa mwaka; bei ya mazao ikashuka, likabaki 750 hivi. Kila binti akiolewa anadai 250. Hapo watoto wa wakulima wa viazi hawaulizi maana ya kitu. Mabinti wote wawili, Julia na dada yake Helen, wakiolewa, daktari anabaki na 250.

Kinachowapoteza wasomaji ni Wajipsi waliopiga kambi uwanjani, pamoja na duma na nyani wanaozurura usiku. Na lile neno "band" alilotamka Julia akikata roho ni kundi la watu, na pia ni ukanda. Kamusi ifunguliwe hapo, na msiishie kwenye maana ya kwanza.

Simamisheni kusoma pale Holmes na rafiki yake Watson wanapokaa gizani wakisubiri. Kila mmoja aandike anamshuku nani, na kitu gani kwenye mchoro kinamuunga mkono. Aliyeandika "duma" aje ubaoni atuonyeshe kapitia wapi.