Usisubiri kikao cha wazee

Juzi msomaji mmoja wa Longido kaniandikia: "Yeyo (yaani mama), nimepigwa na mume wangu. Wazee wanakaa Jumapili. Nisubiri?"

Niliusoma ujumbe wake nikitunga shanga zangu pale soko la Kilombero, Arusha. Sindano ikaniponyoka.

Mimi nilisubiri. Tulikuwa Monduli, ndama mmoja hakurudi bomani, baba watoto akanichapa kwa fimbo ya kuchungia. Nikakimbilia kwetu. Baba akanipa maziwa, kisha akaniuliza: ng'ombe za mahari zimeshazaa, nitarudisha nini? Siku ya nne wazee wakaketi chini ya mgunga. Mume akatozwa kondoo. Wakamchinja, wakamla, mimi nikapewa mafuta ya kupaka mgongoni. Tangu siku hiyo sili kondoo, anayecheka acheke.

Mara ya pili siisimulii. Ya tatu nilidandia gari la Arusha, majeraha ya mgongoni yakiwa na wiki nzima. Kituoni askari ananihoji kwa Kiswahili cha mbio, na maneno yangu ya maumivu yote ni ya Kimaasai. Kwa aibu nikasema "alinigusa". Naye akaandika hivyo hivyo: alinigusa! Kidogo nirudishwe nyumbani, eti mambo ya familia. Mama mmoja aliyekuja kuripoti wizi wa kuku ndiye aliyeninong'oneza: omba Dawati la Jinsia na Watoto. Huko nilikuta askari wa kike, akafunga mlango, akanipa PF3, fomu ya polisi ya kumpelekea daktari aandike majeraha. Daktari akaijaza, lakini alama nyingi zilikuwa zimeshafifia.

Kwa hiyo mdogo wangu, fomu leo. Kama damu inatoka, hospitali kwanza, fomu ifuate. Nenda na mtu anayejua lugha zote mbili. Usiseme umeguswa, sema umepigwa, kwa fimbo gani, mara ngapi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Laigwanani wetu, viongozi wa mila, nawaheshimu, sheria za mifugo wanazijua mpaka za mbuzi kilema, hii tu ndiyo huwapita. Wakae Jumapili yao, wewe uwe na karatasi mkononi. Fomu leo, narudia, leo!

Kanijibu alfajiri. Yuko barabarani na mtoto mgongoni, anasubiri Noah za kutoka Namanga. Nimemwambia akifika aulize mama wa shanga, nitakuwa nimechemsha chai.