Kwa wanaoanza Beats kwenye PSP na nyimbo zao wenyewe

Wadau mnaoanza karibuni sana. Nimecheza Beats kwenye PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, miaka mingi na kila mtu ninayemshikisha mashine anakosea palepale, anakimbilia wimbo mpya unaotamba wiki hii, anaweka levo ya juu, vidole vinagongana, dakika tano nyingi anairudisha anasema gemu mbovu haifati mdundo. Gemu haina shida. Shida ni wimbo uliouchagua na namna ulivyoingia kwenye memori kadi, na hapo ndo nataka tuongee zaidi maana vidole vitazoea vyenyewe.

Kwa ambaye hajaiona, Beats ni gemu ya Sony ilitoka mwishoni mwa 2007, ya kudaunlodi tu. Alama za vitufe vya PSP, pembetatu, duara, mraba na ile eksi, zinaruka kwenye skrini kuelekea sehemu fulani, ikifika unabonyeza. Ina nyimbo zake inazokuja nazo lakini raha yake sio hizo, raha ni kwamba inafungua folda ya MUSIC kwenye memori stiki yako, inasikiliza MP3 ulizoweka, halafu inapanga alama yenyewe. Mwaka huohuo kampuni ya Harmonix walitoa nyingine inaitwa Phase ya kwenye iPod, kile kicheza muziki cha Apple, ile nyimbo ulikuwa unaziandaa kwenye iTunes, programu yao ya muziki, kompyuta inazipigia hesabu kwanza, kisha unacheza kwa lile gurudumu la kusugua na kidole. Na kabla yao 1999 ilikuwepo Vib-Ribbon ya PlayStation ya kwanza, ukishaiwasha unatoa CD ya gemu unaweka CD yako ya muziki. Nazitaja zote kwa sababu shida yake ni moja, mashine haijui muziki. Haijui kiitikio ni kipi, haijui mwimbaji anakuja lini. Inachofanya ni kutafuta pale sauti inapopanda ghafla, dramu imepigwa, gita limekwanyuliwa, halafu inapima nafasi kati ya mpigo na mpigo, ikiona zinalingana inasema sawa huu ndo mdundo.

Ukilielewa hilo umeshajua wimbo wa kuanzia. Chukua bongo fleva ya kawaida yenye dramu za kompyuta, isiyo na haraka, mapigo kama 90 mpaka 110 kwa dakika, na iwe ni wimbo unaoujua hata ukiamshwa usiku wa manane. Studio dramu zimepangwa kwa kompyuta hazikimbii wala hazichelewi, kwahiyo mashine inashika haraka, na wewe kwa sababu wimbo unaujua mkono unafika kabla jicho halijaona alama. Hapo ndo utaanza kuielewa hii gemu. Cheza huohuo mmoja siku tatu, usibadilishe.

Singeli iache kwanza. Najua vijana wa Dar mtanibishia lakini singeli inapita mapigo 200 kwa dakika kirahisi, na kwenye kasi hiyo mashine inaweza kuhesabu nusu yake, unaona mbona alama chache, mbona rahisi, halafu ghafla inarudi kwenye kasi yenyewe zinamwagika kama mvua. Baada ya mwezi mmoja ijaribu, utaipenda sana, ila sio wiki ya kwanza.

Rumba na dansi la bendi ni habari nyingine. Pale watu wanapiga laivu, hakuna kompyuta inayowashikilia, mwanzo wanaimba taratibu na sebene ikifunguka mwendo unapanda kwa sababu wapigaji wenyewe damu imechemka. Mashine ilishazoea mwendo wa mwanzo. Utaona alama zinakuja zimechelewa kidogo kwenye sekunde za mwanzo za sebene. Usihangaike kuzirekebisha, jua tu kwamba sehemu ile utapoteza pointi, shika mdundo wa haihati, yale matoazi mawili ya dramu, halafu subiri mashine ijipange.

Taarab sasa. Nimelelewa Tanga na nyumbani taarab haikuzimwa, kwahiyo nilitaka kuicheza kuliko kitu chochote. Zile asilia zenye kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla, mwanzo mrefu bila ngoma, mashine inapotea kabisa maana fidla haipigi, inapanda pole pole, hakuna pa kushika, unapata alama mbili tatu zimetupwa ovyo halafu kimya. Ila nilichojifunza kikubwa kilikuja kwenye chakacha, ile ngoma ya pwani. Chakacha ina mapigo sita ambayo unaweza kuyagawa mawili mawili au matatu matatu, na yote mawili yapo mle ndani kwa wakati mmoja, ndo utamu wake. Mimi nilikuwa nahesabu kivyangu, mashine kivyake, kila raundi nafeli. Siku moja nacheza ukumbini sauti nimetoa kwenye spika ndogo, mama mdogo alikuwa anachambua mchicha, akaniangalia weee, akasema, "Mwanangu, unaukimbiza. Mwimbaji muache, fata ngoma." Akaanza kupiga makofi. Makofi yake hayakuwa kwenye hesabu yangu wala sikuyasikia kabla ya siku ile, lakini yalikaa juu ya alama za mashine moja kwa moja. Nikaacha kuangalia skrini sana nikawa nasikiliza makofi, na raundi ile nikaimaliza. Toka siku hiyo nikicheza chakacha napiga mguu chini kwenye mbili, vidole vinaenda kwenye tatu. Hebu jaribu kwanza kwa makofi tu kabla ya kushika PSP, ukiweza makofi na mguu kwa pamoja utaweza na vitufe.

Tuje kwenye mafaili, na hapa msichoke kusoma. Nyimbo nyingi tunazodaunlodi huku kwetu zina sauti ya DJ katikati, anataja jina lake, king'ora, mlio wa bunduki. Kwako ni kelele tu lakini kwa mashine huo ni mpigo kama mpigo mwingine, utaletewa alama pale ambapo hakuna ngoma yoyote. Tafuta nakala safi, nunua ukiweza au toa kwenye CD. Miksi ndefu ya saa nzima usiiweke kabisa. Halafu kuna zile nyimbo zimepandishwa sauti mpaka zinapasuka, kila kitu kipo juu, sasa mashine inatafuta pa kupanda na hapapo maana pote ni juu. Kama sauti inakwaruza masikioni mwako hata gemu itasumbuka.

Ukubwa usikutishe. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 1 kwa dakika, wimbo wa dakika nne ni MB 4, kwahiyo GB 1 inabeba kama nyimbo 250 na hutazicheza zote. Mimi nakushauri anza na 10 tu, zipe majina yanayoeleweka, maana ukiwa na "Track 01" kumi na tano utatafuta mpaka hamu ikuishe. Ukimya mrefu wa mwanzo kata kwa Audacity, ni programu ya bure. Na memori kadi za PSP angalia sana, ni Memory Stick PRO Duo, feki ni nyingi sokoni, jaribu hapohapo kwa muuzaji kabla hujalipa.

Iafoni, yani zile spika za masikioni, tumia za waya. PSP zile za kawaida hazina hata bluutuhi kwahiyo huko uko salama, ila nyie mnaocheza gemu za namna hii kwenye simu nisikilizeni, iafoni za bila waya zinaweza kuchelewesha sauti kama milisekunde 200. Kwenye wimbo wa mapigo 200 kwa dakika, pigo hadi pigo ni milisekunde 300. Yani sauti ikikufikia, pigo linalofuata linakaribia kufika. Utajilaumu bure kwamba huna sikio wakati kosa ni la iafoni. Na spika ya PSP yenyewe ni ndogo, besi haitoki vizuri, na besi ndo inayokushika mkono.

La mwisho ni kanda. Marehemu baba aliacha kaseti za dansi na nilizirekodi kwenye kompyuta ili nizicheze. Deki niliyotumia, ule mkanda wake wa ndani wa kuzungushia kaseti ulikuwa umechoka, mwendo unayumba, unapanda unashuka kidogo ambapo sikio halijali ila mashine inajali, alama zikawa zinayumba vilevile. Nikaazima deki nyingine, nikasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, nikarekodi upya, ikakubali. Basi nyie mkirekodi wekeni nakala mbili, moja kwenye kompyuta, moja pembeni. Mimi niliweka kwenye memori stiki peke yake, ikafa, na niliporudi kwenye kaseti mbili kati ya zile zilikuwa zimeshaota ukungu hazichezi tena. Moja ilikuwa na baba mwenyewe akiongea mwanzoni kabla bendi haijaanza, ile sehemu ambayo mimi nilikuwa nimeshaikata ili gemu ianze haraka.