Nani atalipia kusubiri?

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako niliusoma dukani haraka haraka, nikaurudia nyumbani nikiwa na miwani. Unasema wewe na wenzako wa kazini mmebishana wiki nzima juu ya kampuni moja ya Uingereza inayotengeneza grafini, ule utando mwembamba mno wa kaboni. Hisa zake zimeporomoka hadi bei ya peremende, nusu yenu wanasema huu ndio wakati wa kuingia, nusu wanasema hilo ni shimo. Wewe una milioni sita ulizoweka kwa ajili ya kiwanja cha Mukono, na unaniuliza, "Mama, niingie?"

Kwa milioni sita, hapana. Kwa laki tatu sitagombana nawe. Nakueleza sababu, maana nakujua: ukipewa hapana tupu utanunua usiku kwenye simu na kunificha.

Nimesoma hoja za wenzako ulizonitumia. Wanaoipenda kampuni wanaleta maprofesa, hataza (hati za kumiliki uvumbuzi) na picha za maabara. Wanaoichukia wanasema ni utapeli. Pande zote mbili zinabishania kama grafini inafanya kazi, na hilo halina ubishi. Mwaka 2004 pale Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, kwa utepe wa gundi wa kawaida, tabaka baada ya tabaka, hadi wakabaki na utando wa unene wa atomu moja. Mwaka 2010 wakapewa Nobel ya fizikia. Kitu ni cha kweli, kigumu kupita chuma cha pua na umeme kinaupitisha vizuri. Ila wewe hununui grafini. Unanunua kipande cha kampuni inayosubiri watu wengine waihitaji grafini, na gharama ya kusubiri huko lazima mtu ailipe.

Unakumbuka mabomba ya kijani ya plastiki ya PPR yalipoanza kuingia hapa mjini? Hayashiki kutu, maji ya moto hayayaharibu, bei yake haikutisha. Na bado yalikaa dukani. Fundi anakuja, analigonga bomba kwa kucha, analigeuza, anauliza, "Hili halina meno, nalifungaje?" Kuliunganisha kunataka mashine ya umeme yenye vichwa vya moto: bomba linaingia upande huu, kiungo upande ule, unahesabu sekunde, unavichomoa na kuvisukumiza pamoja vikiwa bado laini. Mafundi wetu hawakuwa na mashine hiyo, na aliyekuwa nayo hakukuta umeme kwenye nyumba inayojengwa. Basi wakawaambia wenye nyumba wanunue ya chuma kama siku zote. Jirani aliyeyaleta kwanza alikuwa ameshafunga duka wakati mafundi wanayazoea. Leo mimi nauza PPR kila siku.

Huko kwenye viwanda vikubwa subira ni ndefu zaidi. Anayetengeneza ndege, tairi au rangi ya meli habadilishi malighafi kwa sababu ya makala nzuri. Anaomba sampuli, anaijaribu, anaivunja, anaiacha juani na kwenye chumvi, anarudi na maswali. Kisha anauliza kama utampa tani nyingi zenye ubora ule ule mwezi hadi mwezi, na kwa bei gani. Miaka inapita hapo, na kampuni inalipa mishahara na kodi ya jengo bila kuuza kitu cha maana.

Toray ya Japani ilianza kuuza nyuzi za kaboni mwaka 1971. Miaka ya mwanzo zilikwenda kwenye fimbo za kuvulia samaki na vijiti vya gofu. Boeing 787, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni kaboni ya namna hiyo iliyochanganywa na gundi ngumu, ilianza kubeba abiria mwaka 2011. (Ndizo zile Dreamliner za Kenya Airways mlizokuwa mnapiga picha nazo.) Hiyo ni miaka 40. Toray iliwezaje? Ilianzishwa 1926 kutengeneza reyoni, ikaongeza nailoni na vitambaa vingine. Nguo za watu ndizo zilizolisha maabara. Kampuni yenu ina nguo gani? Katika yote uliyonitumia sikuona hata biashara moja ya pembeni inayoleta chakula.

Isiyo na nguo inauza hisa mpya, na hapa ndipo nataka utulie usome polepole. Tuseme kampuni ina hisa milioni 100, na wewe unazo 10,000. Pesa zikipungua inatoa hisa nyingine milioni 25 na kuwauzia matajiri kwa bei iliyopunguzwa kidogo. Mwakani tena. Baada ya mara nne hisa ni milioni 200. Wewe bado una zako 10,000, hakuna aliyekuibia hata moja, ila kipande chako kimekuwa nusu ya kilivyokuwa. Thamani ya kampuni nzima ikipanda mara mbili katika muda huo, wewe bei yako iko pale pale uliponunulia. Hapo bado nazungumzia kampuni iliyofanikiwa. Kwa hiyo kile mnachokiita "bei imeshuka sana, haiwezi kushuka zaidi" hakina maana yoyote kama idadi ya hisa inapanda kila mwaka. Nitumie idadi ya hisa za miaka mitano iliyopita, si mchoro wa bei.

Kuna walioipitia njia hii. Applied Graphene Materials, nayo ya grafini, ilitoka Chuo Kikuu cha Durham, ikaingia soko la London mwaka 2013 kwa shangwe. Sayansi yake haikuwa ya uongo. Mwaka 2023 ikaondoka sokoni, na biashara yake ikachukuliwa na Universal Matter ya Canada. Aliyekuja mwisho ndiye aliyerithi mashine.

Rafiki yako yule anayesema "lakini wana mkataba na kampuni kubwa" msomee habari za GT Advanced Technologies ya Marekani. Hao walikuwa wa yakuti ya kutengenezwa kiwandani, ile ngumu isiyochubuka, na Novemba 2013 walisaini na Apple yenyewe. Apple iliahidi kuwatangulizia dola milioni 578 ili wajaze tanuri katika kiwanda cha Mesa, Arizona. Nani angeogopa? Lakini mkataba uliifunga GT isiwauzie washindani, huku Apple haikufungwa kununua. Yakuti nyingi zilitoka na nyufa, na fungu la mwisho la pesa likazuiwa. Mwanzoni mwa Septemba 2014 hisa moja ilikuwa zaidi ya dola 17. Tarehe 9 simu mpya ya Apple ikatangazwa bila kioo cha yakuti. Tarehe 6 Oktoba kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na siku hiyo hiyo hisa ikaanguka chini ya dola moja. Kampuni ikifilisika hivyo, wenye madeni wanasimama mbele kwenye foleni, wenye hisa nyuma kabisa. Na yakuti? Bado inafunika kamera za simu hizo hizo.

Kwa hiyo ukisikia "ushirikiano", "barua ya nia", "majaribio ya pamoja", uliza: nani amelipa, kiasi gani, na ameagiza tena? Oda ya pili ndiyo ninayoiamini. Ya kwanza mtu huinunua kwa udadisi, hata mimi wateja wa namna hiyo ninao.

Usidhani pia ni mambo ya Wazungu. Uganda Clays ndiyo kampuni ya kwanza ya kwetu kuingia soko la hisa la Kampala, Januari 2000. Vigae vyake vya Kajjansi kila fundi anavijua, hakuna wa kuelimishwa. Hata hivyo kiwanda kipya cha Kamonkoli na mkopo wa NSSF, mfuko wa pensheni, wa shilingi bilioni 11 vikailemea miaka mingi. Kama kigae kinaweza kumtoa mtu jasho hivyo, pima kitu ambacho mteja wake bado anajifunza kukitumia.

Sasa hii ya Kitgum. Umeandika kwamba mmoja wenu anasema grafiti ya mradi wa Orom-Cross huko Kitgum itaipandisha kampuni yenu, kwa kuwa grafini inatokana na grafiti. Sijaona uhusiano. Leseni ya uchimbaji ya Orom ilitolewa 2019 kwa miaka 21, na matumaini yake makubwa ni betri za magari. Kwa betri, grafiti husafishwa hadi ipite asilimia 99.9 na kuviringwa iwe punje, kazi ambayo kwa sehemu kubwa hufanyika China. Ndiyo maana China ilipoanza kudai vibali vya kuuza grafiti nje, Desemba 2023, wenye viwanda vya betri walishtuka. Grafini inatumia grafiti kidogo mno. Naifurahia Kitgum ikipata kazi, ila kumpenda Mganda mwenzako si sababu ya kununua hisa London.

Halafu angalia pesa yako ingekuwa wapi badala yake. Hati fungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) unanunua Benki Kuu kuanzia shilingi 100,000. Ukipata asilimia 13 baada ya kodi na kurudisha riba humo humo, milioni sita inafika kama kumi na mbili na nusu ndani ya miaka sita. Hisa yenu lazima ishinde hapo, pamoja na gharama ya kubadilisha shilingi kuwa pauni na kurudi, pamoja na ada ya wakala. Ndiyo, shilingi nayo ina siku zake mbaya, baba yako atakukumbusha. Na kiwanja nacho kina wezi wake, hati mbili juu ya ardhi moja, hilo tutalizungumza peke yake.

Jambo jingine sikulipenda. Anayepiga kelele zaidi kuisifu kampuni umesema alinunua mwaka jana kwa bei mara nne ya leo. Simlaumu, amebanwa. Ila mtu aliyebanwa anatafuta wenzake, na ukimuuliza atakwambia anakusaidia. Mheshimu, mnywe chai, usimkabidhi hesabu zako.

Ukitaka kuendelea na zile laki tatu, fungua taarifa yao ya mwaka. Ruka kurasa za picha na barua ya mwenyekiti. Tafuta pesa taslimu waliyobaki nayo, kisha iliyotumika mwaka mzima, gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa 12 upate miezi. Ukipata chini ya miezi 18, hisa mpya ziko njiani, ngoja zitoke kwanza. Angalia pia mapato ya wateja yametenganishwa na ruzuku za serikali, maana kuna wanaozichanganya zionekane mauzo.

Nitumie kurasa hizo, nipigie baada ya Isha duka likiwa limefungwa. Na mwambie shemeji yako mabati ya geji 28 yamefika, aje mwenyewe na vipimo vya paa, sitaki tena kukisia kwa picha ya simu.

Mama yako