Pikipiki na baridi ya Nairobi: fuata maji yanakoingia

Ikifika Juni, foleni ya pikipiki zilizokataa kuwaka asubuhi hurefuka kwa mafundi wa Nairobi, na karibu kila mwenye pikipiki atakwambia ni baridi. Baridi ina sehemu yake, lakini ni ndogo. Hata Julai, mwezi wa baridi kuliko yote hapa, usiku kipimo hushuka hadi nyuzi 10 au 11 hivi, na injini imeundwa kuwaka penye baridi kali kuliko hiyo. Kinachosumbua ni unyevu usiokauka: manyunyu ya alfajiri, ukungu, na siku nzima za mawingu bila jua. Maji yaliyoingia kwenye kofia ya plagi Jumatatu, Alhamisi bado yamo.

Kwa hiyo anza na moto wa plagi. Subiri giza liingie, washa injini, zima taa, kisha tazama kofia ya plagi na waya wake kwa karibu bila kugusa. Ukiona vicheche vya buluu vikitambaa kwenye kofia au vikirukia silinda, kofia ina ufa na moto unavuja kabla haujafika ndani. Jua likiwaka hitilafu hiyo haionekani, ila unyevu ukikaa juu ya ufa umeme unapata njia ya mkato. Usiifunge kwa selotepu. Badilisha kofia, ni spea ya bei ndogo. Unapoitoa, izungushe kinyume na saa, kwa sababu kofia nyingi zimeskrubiwa kwenye waya. Ukikuta ncha ya waya imegeuka kijani, kata nusu sentimita upate shaba safi ndipo ufunge kofia mpya. Plagi nayo itoe uitazame: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye masizi makavu inamaanisha petroli ni nyingi kuliko hewa. Mwanya wa plagi kwa pikipiki nyingi za 100cc hadi 150cc ni milimita 0.7 hadi 0.8. Upime kwa geji, si kwa jicho.

Masizi hayo mara nyingi huletwa na choki, ile unayovuta kupunguza hewa ili injini ya baridi ipate petroli zaidi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) iliyorekebishiwa pwani hapa hutoa petroli kupita kiasi. Ukiongeza choki iliyosahaulika hadi umefika Westlands, plagi inazama katika masizi. Mbaya zaidi, petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kuifanya nyepesi mno ile iliyo chini. Utaratibu ni huu: fungua petroli, vuta choki yote, usiguse aksileta, piga kiki au bonyeza stata. Ikiwaka, iache sekunde 30 hivi, rudisha choki nusu, ondoka polepole bila kuvuta gia hadi juu, na ukishapita mtaa wako irudishe kabisa. Hakuna faida ya kuiacha ingurume dakika kumi uani. Injini hupata joto vizuri zaidi ikitembea. Ikiwa umepiga kiki hadi unasikia harufu kali ya petroli, imefurika: rudisha choki yote, zungusha aksileta hadi mwisho, piga kiki mara kadhaa ili hewa ikaushe ndani. Pikipiki za injekisheni, zisizo na kabureta, hazina choki ya kuvuta, kwa hiyo kwazo tafuta tatizo kwenye betri na plagi kwanza.

Maji huingia pia kwenye petroli. Tanki likilala nusu, hewa iliyomo hupoa na kuacha matone kwenye bati, yanateremka chini ya petroli kwa kuwa maji ni mazito zaidi. Njia nyingine ni mpira wa kifuniko cha tanki uliokauka, manyunyu yakapenya. Dalili yake ni injini inayowaka vizuri kisha kukatakata njiani. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Injini ikiwa imepoa, funga petroli, weka chupa safi ya plastiki inayoonyesha, legeza skrubu, uache itiririke. Maji utayaona yamejikusanya chini kama matone makubwa yasiyochanganyika. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili msimu huu, na ujaze tanki jioni badala ya asubuhi.

Kuhusu oili, kuna ushauri unaozunguka kwamba baridi ya Nairobi inataka oili nyepesi. Si kweli. Namba 20W katika 20W-50 hupimwa kwa jinsi oili inavyoruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na hapa hatufiki huko. Baki na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2, yaani oili iliyoundwa kwa pikipiki. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano hufanya klachi iteleze, maana klachi ya pikipiki nyingi huogelea katika oili ile ile ya injini. Linalofaa kuangaliwa ni rangi. Fungua kifuniko cha kujazia: ukikuta utando mweupe kama maziwa, ni maji ya mvuke yaliyochanganyika na oili. Hutokea kwa wanaokwenda safari fupifupi, kutoka stejini hadi sokoni na kurudi, injini isipate joto la kutosha kuyafukuza. Safari moja ya nusu saa kila baada ya siku chache huyakausha. Utando ukiendelea kurudi, mwaga oili mapema usingoje kilomita zitimie.

Betri huchoka kwa baridi, na taa za ziada, redio na chaja ya simu humalizia. Pima kwa mita pikipiki ikiwa imelala usiku mzima: volti 12.6 na kuendelea imejaa, 12.4 ni robo tatu hivi, 12.0 karibu imeisha. Injini ikinguruma kwa kasi ya wastani inapaswa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, kasoro iko kwenye mfumo wa kuchaji, na betri mpya itakufa vilevile. Kwa betri ya maji, ongeza maji yaliyokenekwa (distilled water) pekee, hadi mstari wa juu. Usiongeze asidi.

Cheni ndiyo inayoumizwa zaidi, hasa na udongo mwekundu wa Dagoretti na ule mweusi unaonata wa Embakasi na Kitengela. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, si petroli, ambayo huharibu mipira midogo kwenye cheni zenye mipira (o-ring). Ifute hadi ikauke, ndipo upake oili ya gia ya SAE 90 upande wa ndani, ukizungusha tairi taratibu. Paka jioni cheni ikiwa na joto. Usiku oili itapenya viungoni. Ulegevu katikati ya cheni ya chini uwe milimita 25 hadi 35, na upime mahali ilipokaza zaidi, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Ukiifungua, klipu irudi na upande uliozibwa ukitazama inakokwenda cheni. Ikigeuzwa, jiwe moja linatosha kuing'oa.

Kuosha kwa pampu ya presha ni adui mkubwa kuliko mvua yenyewe. Maji hayo hupita mipira ya bearingi, huingia kwenye swichi na sanduku la hewa. Tumia ndoo na sponji, na ukimaliza ipeleke mzunguko mfupi ikauke. Nailoni ya kufunika hadi chini hufungia mvuke ndani ikaleta kutu. Turubai lililoachwa wazi upande wa chini ni bora, na lifunike injini ikiwa imepoa.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya kutoka, kwani hushuka karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za baridi. Breki ya dramu ikiingia maji hukosa kushika. Baada ya kupita dimbwi ikanyage kidogokidogo huku ukiendelea hadi uhisi inashika tena. Pedali icheze milimita 20 hadi 30 kabla ya kuuma. Na manyunyu ya kwanza baada ya siku kavu, kabla hayajaosha oili na vumbi kwenye lami ya Jogoo Road au Outering, shika breki mapema na uepuke michirizi myeupe ya rangi kwenye kona.