Kilwa Kisiwani kwa siku moja

Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani, kisiwa cha pwani ya kusini mwa Tanzania. Inatosha, ila vuka asubuhi jua halijakaza, na kibali ukichukue Kilwa Masoko, mji ulio ng'ambo bara, kabla ya kupanda mashua.

Gereza, yaani ngome ya zamani, liangalie kwa kupita tu. Muda wako uweke Msikiti Mkuu: ingia chini ya makuba, inua macho, utaona mawe ya matumbawe yalivyopangwa. Tafadhali usiyapande wala kuyabandua.

Kisha Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyohuyo!

Kisiwani wanaishi watu, kwa hiyo vaa kwa stara na utangulize salamu.