Maswali ya wasomaji: simu na vitu tunavyovigusisha

Swali: Habari za kazi. Kazini kwetu wamebandika stika kwenye kila mashine, ukigusisha simu tu inafunguka rekodi ya matengenezo ya mashine hiyo. Nimeigeuza geuza ile stika sioni betri wala waya wa umeme. Inapata wapi nguvu? Na mbona moja niliyoibandika mwenyewe kwenye kabati la chuma imegoma kabisa? (Fundi)

Jibu: Fundi, nguvu inatoka kwenye simu yako hiyo hiyo. Chukua stika moja uinyanyue kwenye mwanga mkali, utaona waya bapa mwembamba sana umezungushwa raundi kadhaa kutoka nje kwenda ndani, na mahali fulani kuna nukta nyeusi ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Nukta ndo chipu, waya ndo antena. Simu yenye NFC, yani uwezo wa kuwasiliana na kitu kwa kukigusisha, inatoa uga wa sumaku unaogeuka geuka kwa megahezi 13.56, yani mara milioni 13 na ushee kwa sekunde moja, na uga huo ukipita kwenye ule waya unazalisha umeme kidogo kama inavyofanya transfoma, basi chipu inaamka, inataja kilichoandikwa ndani yake, ukiondoa simu inalala tena. Ndo maana haisomi kwa mbali, ikizidi sentimita 4 hivi hamna kitu. Na tafuta antena ya simu yako ilipo: kwenye iPhone iko juu karibu na kamera, simu nyingine nyingi iko katikati ya mgongo, watu wengi wanailaumu stika kumbe wanagusisha upande usio na antena.

Kabati lako sasa. Chuma kikipigwa na ule uga kinazalisha mikondo yake inayoupinga, chipu inabaki na njaa. Hata mimi nilishaharibu stika kadhaa hivi hivi kabla sijaelewa, nabandua, nabandika, waya unakatika. Nunua stika zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma, nyuma zina tabaka la feraiti, yani kitu cha sumaku kinachozuia uga usiishie kwenye chuma.

Na hili naomba ulishike: rekodi ya mashine haimo ndani ya stika. Aina inayotumika sana, NTAG213, ina nafasi ya baiti 144 tu, na meseji moja ya kawaida ya simu ni baiti 140. Kinachokaa mle ni anwani ya mtandaoni, rekodi yenyewe iko kwenye seva, yani kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa mtandao, kwa hiyo siku mtandao ukikatika stika itasomeka vizuri tu na historia ya mashine hutaiona. Mwambie bosi wako daftari lisitupwe bado.

Swali: Shikamoo. Nafundisha watoto, nimebandika kodi za QR, ile michoro ya vidoti vyeusi na vyeupe, kwenye vifaa vya maabara. Moja imechanika kona na bado inasoma, nyingine haina hata mkwaruzo na haisomi. Inakuwaje? (Mwalimu wa sayansi)

Jibu: Marahaba mwalimu. Kodi hizi zilitengenezwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake, kwa ajili ya vipuri vya magari kiwandani, mahali ambapo uchafu na mikwaruzo ni kawaida, kwa hiyo tangu mwanzo waliweka hesabu za ziada ndani yake. Ukichagua kiwango cha juu kabisa, hata karibu asilimia 30 ikiharibika simu inajaza yenyewe pengo. Ila ile miraba mitatu mikubwa ya kwenye kona ndo inayoiambia simu kodi iko wapi na imelala upande gani, hiyo usiiguse. Nahisi iliyochanika kwako ni ile kona ya nne isiyo na mraba mkubwa.

Ile nzima nadhani uliikata na mkasi ukaibana sana. Pembeni pote panatakiwa ukingo mtupu wenye upana wa vidoti vinne vya kodi hiyo. Chapisha upya, acha weupe.

Swali: Programu ya rimoti kwenye simu yangu inazima TV, ya rafiki yangu programu ni ile ile na haizimi. Kwa nini?

Jibu: Simu yako ina taa ya infraredi ukingoni juu, ya mwenzako haina, na programu haiwezi kuongeza taa. Washa kamera ya mbele ya simu nyingine uielekeze hapo huku ukibonyeza, mara nyingi utaiona inapepesa rangi ya zambarau hafifu ambayo macho hayaioni.

Swali: Naogopa kuskani QR za kulipia. Nina sababu? (Mama wa wawili)

Jibu: Unayo, dada yangu, na wanaokucheka hawajaelewa. Macho ya binadamu hayawezi kuisoma QR, kwa hiyo mwizi anachapisha yake anaibandika juu ya ile halali, pesa inaenda kwake na wewe umeona risiti imetoka. Ukiskani, usibonyeze kwanza: soma anwani iliyotokea herufi kwa herufi, au jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Halafu pitisha kidole juu ya stika yenyewe. Ukihisi ukingo wa karatasi ya pili, usilipe, mwite mwenye mahali aje aibandue mbele yako.