Jibu: Diski imeongezwa hadi GB 50, df bado inaonyesha 20

Habari ndugu. Nimeelewa kwamba uliongeza diski ya seva yako kutoka GB 20 hadi 50, ukaendesha resize2fs (amri ya kupanua mfumo wa faili), nayo ikajibu kwamba hakuna cha kufanya, huku df, amri inayoonyesha nafasi ya mfumo wa faili, ikiendelea kusoma 20.

Anza na lsblk, amri inayoorodhesha diski na patisheni zake (sehemu zilizogawanywa). Kama sda (diski yenyewe) inasoma 50G ilhali sda3 (patisheni yake ya tatu) imebaki 19G, basi iliyokua ni diski peke yake, na patisheni iliyobeba LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski) haijapata habari. Chukua nakala rudufu, kisha upanue patisheni kwa growpart /dev/sda 3, ukiacha nafasi kabla ya hiyo 3 (wengi hukwama hapo tu), halafu uiarifu LVM kwa pvresize /dev/sda3, na mwisho lvextend -r -l +100%FREE ikifuatiwa na njia ya LV (diski pepe ndani ya LVM) ya mzizi, yaani inayobeba saraka ya /. Hiyo -r hupanua na mfumo wa faili papo hapo, uwe ext4 au XFS, bila kuzima seva. Kwa XFS mimi nisingetoa nafasi yote, kwa sababu haipunguziki baadaye.

growpart ikijibu NOCHANGE (haikubadilisha kitu), huenda kuna patisheni nyingine, mara nyingi ya swap (nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu), iliyokaa baada ya sda3. Hukutuonyesha mpangilio wako, kwa hiyo bandika hapa matokeo ya lsblk kabla ya kufuta chochote.